Sanje, Kitulo na Kaporogwe: njia ya kusini kwa mwenye hema na kamera

Mwenye siku tatu aende milima ya Udzungwa tu, kwenye maporomoko ya Sanje, arudi. Mwenye siku tisa achukue njia nzima: Dar es Salaam, Mikumi, Mang'ula, Iringa, Chimala, Matamba kwa ajili ya maua ya hifadhi ya Kitulo, kisha Tukuyu yenye maporomoko ya Kaporogwe. Anayetia huruma ni mwenye siku sita, kwa sababu atapita kila mahali na hatapiga picha ya maana popote. Kutoka Dar mpaka Tukuyu ni karibu kilomita 900, na malori ya Zambia na Kongo yanaitumia barabara hiyohiyo. Hesabu siku za kuendesha mbali na siku za kupiga picha. Ukizichanganya, maporomoko utayafikia jua likiwa utosini.

Kabla ya gari na lenzi, chagua mwezi. Huku ndiko wengi wanakokosea. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Mei, na maua ya Kitulo huchanua kati ya Desemba na Aprili, yaani ndani ya mvua hiyo. Ukikimbia mvua umeyakimbia maua. Juni mpaka Agosti njia za Udzungwa zinapitika vizuri, lakini Kitulo ni baridi na ukungu, na nyasi zimekauka. Septemba mpaka Novemba kuna jua zuri la kutembea juu huko, ila maua ni ya kutafuta kwa tochi na maporomoko yamekonda. Kwa safari inayounganisha yote mawili, tunaupa Februari alama ya juu. Upande wa Morogoro mara nyingi mvua hupumua kidogo kabla ya masika, Sanje bado ina maji ya kutosha, na Kitulo imevaa maua. Machi na Aprili maji ni mengi zaidi, lakini barabara ya kupanda Matamba, kuelekea Kitulo, inaweza kukugeuza njiani.

Gari liwe la magurudumu manne yanayovuta, lenye gia nzito ya chini. Noah inafika Mang'ula na Tukuyu bila shida. Kuipandisha Kitulo wakati wa mvua ni kuitafutia fundi. Ukikodi, usiridhike na kuambiwa kwamba gia ya chini inafanya kazi. Iingize hapo hapo uani, uende mbele mita kumi na nyuma mita kumi. Toa jeki uinyanyue gari nayo, kisha jaribu spana kwenye nati za magurudumu. Jeki ya gari dogo iliyotupiwa ndani ya gari kubwa utaigundua porini, usiku. Ongeza ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, maana udongo wa Kitulo ukilowa unaimeza.

Malipo ya hifadhi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hayapokelewi kwa fedha taslimu. Ni kadi, au namba ya malipo unayolipia benki au kwa simu. Mtandao wa simu unasumbua Matamba kuliko Mang'ula, kwa hiyo malipo ya Kitulo yamalizie ukiwa bado kwenye lami. Raia wa Afrika Mashariki analipa kidogo sana kuliko mgeni, mradi aonyeshe kitambulisho chenyewe. Picha ya kitambulisho kwenye simu itakuletea mjadala getini. Droni iache nyumbani kama huna vibali, na anayepiga picha za biashara ana kibali chake cha kuomba mapema.

Tuanze na Udzungwa. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na hakuna barabara ya magari ndani yake. Gari linabaki getini. Kila kinachopanda kinapanda mgongoni, na mwongoza njia ni lazima. Kwa mpiga picha hii ni neema, kwa sababu hakuna vumbi wala msururu wa magari uliomzunguka mnyama mmoja. Kwa mwenye hema zito na kreti ya soda ni msiba. Makao ya hifadhi yako Mang'ula, kiasi cha kilomita 60 kutoka Mikumi mjini, ukiifuata barabara ya Kidatu na kuvuka Ruaha Mkuu. Anayetaka kuliacha gari kabisa anaweza kufika kwa treni ya TAZARA, inayosimama Mang'ula, ila ratiba yake aichukulie kwa moyo mkunjufu.

Maporomoko ya Sanje yanashuka kwa ngazi tatu, jumla ya mita 170 hivi. Njia inaanzia kijiji cha Sanje, kaskazini mwa Mang'ula, na mzunguko mzima ni saa nne za mtu mwenye miguu mizuri na kamera moja. Mwenye stendi ya kamera na lenzi tatu ahesabu sita. Mteremko ni mkali, mizizi imekatiza njia, na majani makavu yamefunika mawe yenye utelezi. Watu huanguka zaidi wakishuka kuliko wakipanda, kwa sababu magoti yamechoka na macho yamebaki kwenye kioo cha kamera. Viatu viwe na meno. Raba za kutembelea mjini hazifai hata siku ya jua.

Kosa kubwa la Sanje ni saa. Ukuta huu wa milima unatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linapiga maji moja kwa moja. Maji meupe yanaungua kwenye picha, yakabaki weupe mtupu, huku msitu pembeni ukibaki mweusi kama chungu. Siku ya mawingu piga saa yoyote. Siku ya jua, anza kupanda kama saa sita na nusu mchana, ufike juu saa nane na kitu, usubiri mlima uliweke kivuli bonde, ufanye kazi mpaka saa kumi, kisha ushuke mapema. Mwambie mwongoza njia mpango huo jana yake. Wengi wao wamezoea wageni wa asubuhi na watakupangia saa mbili.

Ukishaweka stendi, weka miguu yake yote juu ya mwamba. Mguu mmoja ukiwa majini, mkondo unautikisa na picha nzima inalegea. Panga picha kwanza, lenga, halafu uzime ulengaji wa kamera wa kujiendesha, ndipo ufunge filta ya kupunguza mwanga. Ukifunga filta nzito kwanza kamera haioni, itahangaika mbele na nyuma. Anzia ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga) na f/8 au f/11 (upana wa tundu la lenzi). Shata, yaani muda ambao kamera inabaki wazi, iwe robo sekunde mpaka nusu kama maji ni ya wastani. Hapo nyuzi za maji bado zinaonekana. Ukifika sekunde mbili au tatu maji yanakuwa pamba, na pamba ya Sanje haina tofauti na pamba ya maporomoko mengine yoyote duniani. Maji yakiwa mengi sana hata sehemu moja ya nane ya sekunde inatosha. Majani yanayotikiswa na upepo wa maporomoko yapigie picha ya pili kwa 1/125 na ISO iliyopandishwa, uje uunganishe nyumbani.

Filta ya polaraiza ina thamani hapa kuliko lenzi ghali. Izungushe polepole ukitazama majani yaliyolowa: mng'ao mweupe unaondoka, kijani kinajitokeza, na mwamba unakuwa mweusi wa kweli. Lakini kama kuna upinde wa mvua kwenye mvuke, izungushe kwa tahadhari, kwa sababu filta hiyohiyo inaweza kuufuta upinde wote. Wengi wanarudi wakilalamika kwamba upinde "uliondoka ghafla". Haukuondoka. Mvuke nao utakulowesha lenzi kila baada ya dakika moja, kwa hiyo beba vitambaa visivyopungua vitatu, kimoja kikae kikavu mfuko wa ndani, na kofia ya plastiki ya kuogea ya kuifunika kamera kati ya picha na picha. Futa, piga, funika. Mwenye simu tu naye asikate tamaa. Akiiegemeza kwenye jiwe na kutumia hali ya usiku au ya mwanga mrefu, picha ya wima ya ngazi ya kati inatoka vizuri kabisa.

Ukifika juu, geuka utazame nyuma. Bonde la Kilombero lote liko chini, na mashamba ya miwa yamekatwa kama mabati. Msimu wa kuvuna miwa huchomwa, na moshi hufunika bonde. Huo moshi huharibu picha ya mchana, ila hupamba ya jioni.

Wanyama wa msitu huu si wa kukimbizwa. Mbega mwekundu wa Iringa na mangabei wa Sanje, kima ambaye wanasayansi walimfahamu mwaka 1979 tu, hawapatikani nje ya milima hii na jirani yake. Wakiwa juu ya miti, nyuma yao kuna mbingu nyeupe. Ongeza mwanga wa picha kwa hatua moja na nusu hadi mbili (kila hatua ni mara mbili ya mwanga), la sivyo utarudi na vivuli vyenye mikia. Waongoza njia wa hapa ndio sehemu bora ya huduma yote: wanajua sauti, na mwongoza njia akisema "subiri" ni vyema usubiri.

Kambi ya Mang'ula ni ya joto. Uko chini kabisa ya mlima, hewa nzito, mbu wapo. Hema liwe na wavu pande zote na turubai la juu lifungwe mbali na kuta, maana bila hewa kupita, asubuhi utaamka umelowa kana kwamba mvua imenyesha ndani. Nyani na ngedere wanajua zipu. Chakula kikae garini, hata ndizi moja. Siafu nao wana njia zao: kabla ya kusimika hema zunguka eneo na tochi, na ukiona mstari mweusi unaotembea, hama mita ishirini bila kubishana nao. Wasio na muda wa Sanje wana njia fupi ya Prince Bernhard karibu na makao ya hifadhi, na ile ya Sonjo yenye maporomoko mawili. Ni nzuri kwa mazoezi. Picha ya kutundika ukutani usiitegemee huko.

Kutoka Mikumi kwenda Iringa, Bonde la Mibuyu linataka mwanga wa jioni na mlima Kitonga unataka subira. Usilipite lori kwenye kona za Kitonga hata dereva wake akikuwashia taa ya ruhusa. Vitunguu nunua Ruaha Mbuyuni, nyanya Ilula. Isimila, nje kidogo ya Iringa mjini, ina nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, na saa moja ya jua la chini inatosha. Saa sita mchana usisumbuke kuingia, nguzo zinakuwa bapa.

Sasa Kitulo. Kutoka Chimala, barabara ya vumbi inapanda ukuta wa mlima kwa kona kali zinazoipa jina lake: Hamsini na Saba. Jina si la utani. Ingiza gia ya chini kabla ya kona ya kwanza. Ukisubiri gari lianze kukoroma umechelewa. Tazama kipimo cha joto la injini kila baada ya kona chache, na kikianza kupanda simama palipo bapa, uache injini iungurume bila kuzima mpaka kishuke. Piga honi kwenye kona zisizoonyesha mbele, kwa sababu malori ya viazi yanashuka na anayeshuka hana pa kusimama. Ukirudi, shuka kwa gia ileile uliyopandia. Mwenye kushuka kwa breki peke yake atanusa harufu ya kuungua kabla hajafika nusu, na harufu hiyo maana yake breki zinaelekea kuisha nguvu. Mvua ikiwa imenyesha usiku, ulizia Chimala kwa madereva wa magari ya abiria. Wakisema "haipandiki", nunua mchele wa Mbarali, lala, ujaribu kesho. Njia nyingine ipo, ya Isyonje kutoka barabara ya Mbeya–Tukuyu, na kwa safari hii inafaa zaidi kutokea kuliko kuingilia.

Hifadhi ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005, ina kilomita za mraba 412.9, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ipo juu, karibu mita 2,600, na iliwekwa kwa ajili ya mimea. Atakayekuja kutafuta simba atajuta. Aina 45 za okidi za ardhini zimeorodheshwa hapa, pamoja na protea, lobelia, glediola na maua mengine mengi. Viazi vya okidi vilikuwa vikichimbwa kwa wingi kupelekwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda, na hiyo ni sababu moja ya eneo kulindwa. Kwa hiyo askari akikuona umeng'oa ua "la kumbukumbu", usitegemee tabasamu.

Picha za maua zinaharibiwa na upepo kuliko kitu chochote. Uwanda hauna miti, upepo unaanza kama saa tatu asubuhi, na mchana mara nyingi ukungu unapanda. Kazi yote ni kati ya saa kumi na mbili na saa tatu. Lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ikiwepo, vizuri. Isipokuwepo, lenzi ndefu yenye pete ya kuongeza ukaribu inatosha. Shata isishuke chini ya 1/250 kwa ua lililo peke yake, hata kama ISO itapanda mpaka 800. Mwavuli uliofunguliwa upande wa upepo unafanya kazi kuliko kifaa chochote cha duka la kamera, na pia unakupa kivuli laini jua likitoka. Shuka chini mpaka usawa wa ua. Picha ya okidi iliyopigwa umesimama inaonyesha nyasi. Na kabla ya kupiga goti tazama unapiga juu ya nini. Okidi nyingine ni fupi kuliko kiatu, na njia iliyokwisha kukanyagwa inatosha kwa picha nyingi.

Usiku ukiwa mweupe, bila mawingu, nyota za Kitulo ni nyingi mno. Lenzi pana, f/2.8, sekunde 15 mpaka 20, ISO 3200. Kitakachokushinda ni umande. Baada ya nusu saa kioo kimefunikwa na picha zote zinazofuata ni moshi. Funga pakiti ya kupasha mikono kuzunguka lenzi kwa soksi, au ufute kila baada ya picha tano.

Baridi ya huku watu wa pwani huidharau mara moja tu. Katikati ya mwaka hushuka mpaka umande ukaganda, na hata Februari usiku unauma. Baridi inapanda kutoka chini, kwa hiyo fedha ya godoro zuri la kambi ina kazi kuliko fedha ya blanketi la tatu. Hema liwe la kuba na fupi, kamba zote zifungwe, vigingi viwe virefu, maana udongo laini wa volkano hauvishiki vile vifupi vinavyokuja na mahema ya bei nafuu. Betri za kamera lala nazo ndani ya mfuko wa kulalia. Betri iliyolala garini huonyesha nusu asubuhi na kufa picha ya thelathini. Haijaharibika, imepoa, na ikipashwa joto hurudi. Ukiingiza kamera kutoka baridi kwenye gari lenye joto, iache ndani ya begi lililofungwa kwa saa moja, la sivyo ukungu utaingia mpaka ndani ya lenzi.

Mapishi nayo yanabadilika. Kwa mwinuko huo maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, kwa hiyo maharage makavu yatakula mtungi wako wa gesi na kubaki na kiini kigumu. Yachemshe Iringa, uyabebe yameiva. Wali uive kwa kufunikwa vizuri na jiwe juu ya mfuniko. Viazi vya Matamba vikatwe vidogo. Ugali hauna shida. Mtungi wa kilo 6 unatosha watu wanne kwa safari nzima, na jiko likingwe na upepo, la sivyo nusu ya moto inapasha hewa. Matamba utapata mayai, kabichi na viazi. Maziwa ya unga, sukari na betri za tochi nunua kabla hujaiacha lami.

Huduma za Kitulo ni chache na ndivyo zinavyopaswa kutathminiwa. Usitarajie mgahawa, umeme wa kuchaji kila jioni, wala maji ya moto. Chukua chaja ya garini na betri tatu kwa kila kamera. Anayehitaji bafu atalala Matamba na kupoteza saa yake nzuri ya asubuhi barabarani. Kwa maua, lala juu.

Kushukia Tukuyu kupitia Isyonje ni kama kubadilisha nchi ndani ya saa chache: chai, migomba, na mvua, maana huku ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Kaporogwe, kusini mwa mji kwa kupitia Ushirika, ina urefu wa mita 25 tu, na baada ya Sanje utaiona ndogo. Usiidharau. Sifa yake ni kwamba unaweza kupita nyuma ya pazia la maji. Ukiwa ndani ya lile pango, pima mwanga kwa maji, usipime kwa ukuta. Kamera ikipima giza la pango itaunguza kila kilicho nje. Mtu aliyesimama ukingoni, mweusi dhidi ya maji, ndiye anayeipa picha ukubwa wake. Watoto wa kijiji watajitokeza kukuonyesha njia. Kubaliana malipo kabla ya kuteremka, na umsalimie mwenye shamba unalopita kabla hujainua kamera. Daraja la Mungu, ambalo ni daraja la mwamba la asili, na Kijungu, ambako maji yanaingia kwenye shimo kama chungu, vyote kwenye mto Kiwira, ni vya nusu siku. Kijungu kiko kwenye eneo la Magereza, hivyo omba ruhusa kwanza, kamera ikiwa bado begini.

Hema usijaribu kulikausha Tukuyu. Litaoza likisubiri jua. Lifunge likiwa limelowa, upite nalo Uyole, na ukishashuka kwenye joto la bonde la Usangu litandaze juu ya boneti kwa dakika arobaini, ndani kukiwa nje, kabla ya kuendelea na safari ya Iringa.